Mizigo ya Kwenda Mlimani na Ndugu Zangu Wawili

Ukienda kupiga kambi na ndugu zangu, anza kwa kujua usichobeba. Usibebe panga. Usibebe shoka, jembe, nyundo, wala chupa ya kioo, hata kama ndani yake mna asali. Watu wengine wakipanga safari ya mlimani huwaza baridi na mvua. Mimi nilikuwa nawaza vichwa vya watu.

Nina hoteli ndogo pembeni mwa Kipsongo, hapa Kitale, ya chapati, maharagwe na chai. Siku za soko walevi wanapigana humo ndani na mimi ndiye ninayewatoa. Nilishawahi kupigwa kofi na mtu aliyekuwa anamlenga mwenzake, nikamrudishia kwa kifuniko cha sufuria mpaka akasahau walikuwa wanagombania nini. Kwa hiyo mama alipotafuta mtu wa kupanga mizigo hakuhangaika. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Niliolewa Malakisi, nikapigwa, nikapiga, nikarudi. Ndugu zangu wananiogopa kidogo, na katika familia yetu kidogo hicho si haba.

Baba yetu alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Alitupiga sisi, alimpiga mama, alimpiga punda, na Jumapili alishika Biblia kwa mkono huohuo. Alipokufa aliacha shamba la miwa na mahindi kule Bumula bila kusema nani achukue wapi. Kaka yangu, anayenifuata, amebaki pale nyumbani na analima lote. Mdogo wetu ana duka la mabati na misumari hapa Kitale, na anataka nusu yake. Siku ya mazishi, udongo ukiwa bado haujajaa kaburini, kaka alimpiga mdogo wangu kwa koleo mgongoni, mchungaji akiwa amefumba macho kuomba. Tangu siku hiyo hawakuwa wamekula pamoja hata punje ya mahindi.

Walikuwa wamefanyiana mengine, lakini si kula. Ua wa mpaka uling'olewa ukapandwa, ukang'olewa tena. Kipande cha miwa kiliungua mchana kweupe na hakuna aliyeona moto ukiwashwa. Ng'ombe wa kaka alirudi kutoka malishoni na mguu uliokatwa hadi mfupa, ikabidi achinjwe. Mdogo wangu alipoteza meno ya mbele pale sokoni Bumula, mbele ya watu waliokuwa wakinunua nyanya, na wengine wakaendelea kununua. Kila mtu nyumbani alikuwa anasubiri tu kusikia nani amekufa.

Mama ndiye aliyeshindwa kusubiri. Alikuja Kitale, akaketi jikoni kwangu, akaniambia neno moja ambalo sijaacha kulisikia.

"Nataka kuwaona wakila sahani moja. Hiyo tu. Wakishakula, hata nikilala nisiamke, sawa."

Nikamwambia, "Mama, hawa hawawezi kukaa chumba kimoja."

"Basi tutafute mahali hakuna chumba."

Mahali hapo palipatikana kwa shemeji, mke wa mdogo wangu. Watu wake walitoka huko kati ya nchi wakanunua shamba Trans-Nzoia kabla yeye hajazaliwa. Ni mwanamke mpole, mchangamfu, na kikundi chao cha kanisa huwa kinapanda Mlima Elgon kulala kwenye mahema na kuimba. Alisema mlimani watu hupatana. Hewa ni safi, simu hazishiki vizuri, hakuna jirani wa kuchochea. Mama alichopenda ni kitu kingine. Huko juu, alisema, udongo ni wa serikali. Hakuna wa kumwambia mwenzake toka kwangu.

Kaka alikubali kwa sababu hakutaka kuonekana ndiye aliyekataa. Mdogo alikubali kwa sababu hiyohiyo. Mke wa kaka alibaki Bumula na ng'ombe waliosalia, na alisema wazi kwamba hatapanda mlima kwenda kutazama mume wake akiuawa.

Nilipanga mizigo kwenye sakafu ya hoteli. Nilikuwa naokota kitu, nakipima mkononi, najiuliza kikirushwa kitaingia wapi. Mahema mawili ya kuazima kwa kikundi cha shemeji, sawa. Nyundo ya kupigilia vigingi, hapana, tutatumia mawe. Nikajicheka mwenyewe, maana mawe mlimani hayaishi. Sufuria mbili, mwiko mmoja wa mti, sahani za plastiki, vikombe vya plastiki. Uma hapana. Unga, chumvi, mafuta, majani chai, sukari, nyanya na vitunguu nilivyokatakata nyumbani kabisa ili kusiwe na haja ya kisu. Kuni nilizipasua mimi nikazifunga gunia. Blanketi, soksi za sufu za mama, jerikeni ya maji, sabuni, tochi, karatasi ya chooni. Pombe hata harufu hapana. Kisu nilibeba kimoja, kidogo, cha kuchinjia, nikakifunga kwa kitambaa nikakitia kifuani mwangu, na nikaapa hakitoki hapo isipokuwa kwa mkono wangu.

Shemeji alikuwa amependekeza soseji na mkate. Mama alimtazama kwa huruma. Watu wanapatanishwa kwa kuku, na si kuku wa duka, kuku wa nyumbani aliyefika mlimani akiwa hai. Nilimwambia basi alete wawili. Akakataa.

"Wakila jogoo wawili, kila mtu atakuwa amekula wake. Nataka mmoja."

Akaleta mmoja, mwekundu, mzito, amefungwa miguu ndani ya kikapu, na njia yote alikuwa akimdonoa yeyote aliyepitisha mkono karibu. Huyo jogoo alifaa kuzaliwa kwetu.

Asubuhi ya kuondoka tulikutana kwenye kituo cha mafuta, kwa sababu kaka alikataa kukanyaga kwa mdogo na mdogo alikataa kumfuata kaka. Kabla mtu hajapanda pikapu ya mdogo wangu nilisema mikoba yote ifunguliwe. Kaka alicheka vibaya.

"Umekuwa askari siku hizi, dada?"

"Leo mimi ndiye sheria. Fungua."

Ndani ya mkoba wake, katikati ya shati lake la kanisani, kulikuwa na panga. Limenolewa upya, makali yanang'aa.

"Ni ya kuni, bana."

"Kuni nimeleta."

Mdogo wangu alianza kucheka kwa lile pengo lake. Nikainua kiti cha dereva. Kulikuwa na nyundo ya duka lake, ile nzito ya kuvunjia mawe, bado ina karatasi ya bei.

"Hiyo ni ya gari," akasema.

"Gari gani inatengenezwa na hii? Treni?"

Nilizibeba zote mbili kwa mikono yangu nikamwachia mama anayeuza ndizi pale kituoni, nikamwambia akizitaka azichukue, asipozitaka azitupe chooni. Mama yetu alikuwa ameketi mbele ndani ya pikapu, ameona kila kitu kwenye kioo. Alikuwa anashika kikapu cha jogoo kwa mikono yote miwili, na nilimwonea uchungu nikataka kumpiga mtu.

Mahali pa kambi palikuwa pazuri, siwezi kukana. Uwanja wa majani, miti mikubwa iliyojaa ndevu za kijani, kijito chini yake. Shemeji alipiga makofi kwa furaha. Mama alitandika mkeka akaketi, akavuta pumzi, akasema, "Hapa ni pazuri. Hapa hakuna mtu wa kwetu."

Kazi ya kwanza ilikuwa kusimamisha mahema. Moja la wanawake, moja la wanaume, ndivyo nilivyopanga. Kaka akasema hawezi kulala hema moja na mchoma miwa. Mdogo akasema afadhali alale kwenye gari kuliko kulala na mkata ng'ombe wake mwenyewe ili asingizie watu. Nikamwambia kaka achukue hema, mdogo ajifunge turubai ya pikapu kando. Wakakubali. Nikafurahi kama mjinga.

Mdogo alifunga turubai yake kwenye mti, akavuta kamba ya upande wa pili akaipigilia chini kwa kigingi. Kaka akatoka hemani, akaitazama ile kamba, akapima kwa hatua zake.

"Hii kamba imeingia kwangu."

"Kwako wapi? Hapa ni kwa nani wewe?"

"Hema yangu ilikuwa hapa kwanza. Ondoa."

"Sitaondoa."

Wallahi, sikuamini. Watu wazima wawili, wamepanda mlima mzima kukimbia mpaka, wameufikia mpaka mwingine kabla ya chai. Kaka alikipiga kigingi teke kikaruka. Mdogo alikiokota akamtupia, kikampata shavuni chini ya jicho, damu ikatoka. Kaka alimrukia, wakaanguka juu ya turubai, wakawa wanapigana humo ndani ya turubai kama paka kwenye gunia. Niliingia na mateke. Sikuchagua. Nilimpiga aliyekuwa juu, na walipobadilishana nikampiga aliyekuja juu. Mwishowe mama aliita majina yao, yale ya utotoni, kwa sauti ile aliyotumia zamani kutuita tuje tujifiche baba akiwa njiani. Waliachana. Nadhani hata leo wakiisikia sauti hiyo watajificha.

Shemeji alikuwa analia. Hakuwahi kuona. Kwao wanagombana kwa maneno, tena kwa wakili. Nilimwambia afute machozi aje tuchinje jogoo, maana njaa huongeza ujinga.

Hapo tena kulikuwa na swali la nani achinje. Nikaona wote wawili wananyanyuka. Nikatoa kisu kifuani nikamchinja mwenyewe, papo hapo, jogoo akanirushia damu mpaka kidevuni, nikaosha kisu, nikakirudisha mahali pake.

Sasa lazima niseme habari ya firigisi, sisi kwetu tunaiita imondo. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma. Haiombwi na haigawanywi. Baba alipokuwa hai iliwekwa juu ya sahani yake na sisi tulitazama pembeni. Mdogo wangu alipokuwa mtoto aliwahi kuitoa sufuriani akaila kwa siri, na baba akampiga kwa waya wa baiskeli hadi majirani wakaruka ua kuja kumwokoa. Mwanamke haili kabisa. Mimi hapa nilivyo, na ukali wangu wote, sijawahi kuionja. Baba alipokufa, swali la nani sasa ataila lilibaki bila jibu, kwa sababu hapakuwa na siku waliyoketi mbele ya kuku mmoja. Yule atakayekula ndiye mwenye boma. Mwenye boma ndiye anayegawa shamba.

Mimi hilo nilikuwa nimelifikiria. Nilipompasua jogoo nilitoa firigisi nikaitupa nyuma ya jiwe pamoja na matumbo, nikafunika kwa majani. Nilijisemea kuku wa leo hatakuwa na firigisi, na atakayeuliza nitamwambia nzi wameibeba. Kisha nikashuka kijitoni na jerikeni.

Shemeji aliiona. Kwao firigisi ni kipande tu kitamu, anayewahi anakula. Alidhani nimeisahau. Mwanamke aliyelelewa vizuri hatupi chakula, akaiokota, akaipasua, akaimenya ile ngozi ya njano ya ndani, akaiosha mara kadhaa, akaitia sufuriani pamoja na nyama nyingine. Na ilipofika wakati wa kupakua alifanya jambo la heshima kuliko yote aliyoyajua. Aliiweka juu ya sahani ya mama mkwe wake.

Nilirudi na maji nikawakuta wameketi. Mama alikuwa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na zile soksi zake za sufu. Kaka kulia kwake, mdogo kushoto. Mbele yao mafiga matatu, na juu yake sufuria ya mchuzi bado inatokota, kwa sababu shemeji alipenda kila mtu aongezewe ukiwa moto. Hakuna aliyekuwa anakula. Wote walikuwa wanatazama sahani ya mama.

"Kula, mama," shemeji alikuwa anasema. "Hiyo ni laini, nimechemsha sana."

Mama aliichukua kwa vidole viwili. Nilielewa kabla hajainua macho. Kuila hawezi. Kuitupa, ni kumtukana mkaza mwana wake na chakula chenyewe. Imebaki kumpa mmoja wa wanawe, na akimpa mmoja amemaliza kesi ya shamba pale pale mbele yao, na yule mwingine atajua mama yake amemhukumu.

Kaka alinyoosha mkono. Polepole, kwa adabu hata, kiganja juu.

"Leta, mama. Si ni mimi mkubwa?"

Mdogo akasema, "Mkubwa wa nini? Mama, nani anakununulia dawa ya presha? Nani alikuleta hapa na gari yake? Mama, usimpe."

"Nyamaza wewe, watu wazima wakiongea."

"Mama, ati usimpe."

Mama hakuwatazama. Alinitazama mimi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipe kisu nikate katikati."

Kisu kilikuwa kifuani kwangu, nasikia ubaridi wake kwenye ngozi. Kaka alikuwa goti kwa goti na mama. Jicho lake moja lilikuwa limevimba kwa kile kigingi, na lile jingine lilikuwa jekundu, na mkono wake ulikuwa karibu na wa mama kuliko wangu. Nilijua nikikitoa kisu kile kitapita mikono mingapi kabla hakijafika kwenye firigisi.

"Kisu kimepotea, mama," nikasema.

Watu wa kwetu wamenilaumu kwa hilo. Mjomba wangu alisema ningetoa kisu mama angegawa na mambo yangeisha. Namwambia kila mara ninapomwona, na leo naandika ili aache kuuliza: ningekitoa, tungezika. Hata leo singekitoa.

Mama aliipeleka firigisi mdomoni aikate kwa meno. Ilifika midomoni ikasimama. Maisha yake yote hakuwahi kuigusa kwa ulimi, na mwili ulikataa. Alikaa hivyo, mdomo wazi, firigisi kati ya vidole, na kaka akamshika mkono. Sitasema alitaka kumuumiza. Alitaka firigisi. Lakini alimshika mama mkono kwa nguvu ile ya kushika ndama, nikasikia mama akisema, "Unaniumiza."

Mdogo alipita juu ya moto. Hakuzunguka, alipita juu. Alimkamata kaka kooni, wakarudi nyuma, goti la mmoja wao likapiga mafiga. Nimeulizwa goti la nani. Sikuona, na singesema. Sufuria iliinama ikamwagika yote, mchuzi, mafuta, nyama, juu ya mapaja na miguu ya mama.

Hakupiga kelele. Alisema "aa," taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Halafu akaanza kujipapasa.

Na wale wawili hawakuona. Hilo ndilo sijawasamehe. Walikuwa wanabingirika kwenye majivu, kaka anamkandamiza mdogo uso kwenye makaa, mdogo anamng'ata mkono mpaka damu inamtoka kwenye pengo la meno, na mama yao yuko hatua chache anaiva. Nilimwagia mama jerikeni yote ya maji. Nikamwambia shemeji ashuke kijitoni alete mengine, akaenda anapiga mayowe. Kisha nikang'oa bomba la katikati la hema, hema likalala, nikawaendea.

Niliwapiga. Nasema wazi, niliwapiga kama watu ninaotaka wafe. Mgongoni, mabegani, kwenye mikono iliyoinuliwa kujikinga. Nilisikia mfupa wa mkono wa kaka ukilia na nikampiga tena hapohapo. Bomba lilikunjika. Mdogo alikuwa anapiga magoti anasema "dada, dada, basi," nami nilikuwa nampiga kwa kila dada. Niliacha nilipoishiwa na pumzi, na wao ndipo wakageuza vichwa wakamwona mama.

Tulipomvua zile soksi ngozi ilikuja nazo. Shemeji alikimbilia dawa ya meno ampake, nikampokonya nikaitupa. Kaka, mkono mmoja umening'inia, alichuchumaa akasema tumpandishe mgongoni. Alimbeba mama mpaka kwenye gari akilia kwa sauti kubwa, na mdogo alikuwa nyuma akimshikilia mama asianguke, na kwa mbali mtu angesema tazama watoto wanaompenda mama yao. Na wanampenda. Ndilo jambo linalonikasirisha zaidi.

Pale hospitalini Kitale waliuliza nani amemwaga mchuzi. Mama alijibu haraka kuliko sisi sote.

"Nilijikwaa."

Mwenye kuuliza alitazama mkono wa kaka uliovunjika, uso wa mdogo uliobabuka, na mikono yangu iliyochubuka, akaandika alichoambiwa.

Mama alilala wodini muda mrefu. Kila siku wakati wa kutembelea wagonjwa kaka alikuja kutoka Bumula na hotipoti yake, mdogo akaja kutoka dukani na hotipoti yake. Walisimama kila mmoja upande wake wa kitanda, hawatazamani, wanafungua vifuniko. Mama alifumba mdomo. Hakula ya huyu wala ya huyu. Alikula ugali wa hospitali na kabichi iliyochemshwa bila kitunguu, na alikula yote, wakiwa wamesimama pale wanamtazama. Kufunga vile vidonda kulimtoa machozi kila asubuhi, lakini nilimwona akilia zaidi kila walipoondoka na hotipoti zao zikiwa zimejaa.

Alipotoka alikuwa hawezi kukunja goti la kushoto. Dereva aliuliza tunaelekea wapi, mama akasema, "Kwa binti yangu."

Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Mjane ana nyumba yake, ubavuni mwa kaburi la mume wake, na ana wana wawili walio hai. Akienda kukaa kwa binti aliyerudi kutoka kwenye ndoa, katika chumba cha kukodi nyuma ya hoteli, ni kuwavua nguo wanawe katikati ya soko. Simu zililia. Mjomba alikuja, mchungaji alikuja, wazee wa ukoo walituma watu. Mama aliwapa chai wote na hakuinuka.

Mwishowe walikuja wenyewe. Ilikuwa Jumapili mchana, nimefunga hoteli. Walishuka kwenye pikapu ya mdogo, wote wawili, mkono wa kaka bado una plasta. Wamevaa suti. Waliingia wakapiga magoti mbele ya kitanda cha mama, wakasema wamekosa, wamekuja kumchukua arudi nyumbani. Walikuwa wameahidiana kusubiri mpaka yeye mwenyewe aseme shamba ligawanywe vipi.

Mama aliniambia nilete chakula. Nilileta ugali na maharagwe kwenye sahani moja, sikuwa na kingine. Niliiweka kwenye stuli kati yao. Wakanawa. Wakala. Kaka kwa mkono mmoja alikuwa hawezi kumega vizuri, na mdogo akamsogezea sahani, nikaona kwa macho yangu. Nililia jikoni, si uongo. Nilifikiri imekwisha.

Mama aliwatazama mpaka sahani ikaisha. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amelitamani jambo hilo tangu siku ya koleo.

"Nimeona," akasema. "Asanteni wanangu. Sasa rudini nyumbani."

"Tunarudi na wewe, mama," kaka akasema.

"Mimi sirudi. Na nikifa nizikwe hapa Kitale, kwenye makaburi ya mji. Nimeshamwambia dada yenu."

Alikuwa hajaniambia.

Mdogo akasema, "Mama, utazikwa kati ya watu usiowajua? Na baba yuko nyumbani?"

"Baba yenu amelala kwenye shamba ambalo halijagawanywa. Mkinizika pale, mtakuja kuuliza mama yuko kwa nani. Mtapima kaburi. Mmoja atasema kichwa kiko kwake, mwingine miguu iko kwake. Mimi miguu yangu imetosha."

Waliinuka, wakamshika mkono mama mmoja mmoja, wakatoka. Nilikuwa nakusanya sahani niliposikia sauti zao pale nje kwenye pikapu. Zilianza chini.

"Si ni wewe ulimshika mkono?"

"Na nani alipita juu ya moto?"

"Ungekuwa umemwachia..."

Halafu nikasikia mlango wa gari ukigongwa na mtu akisukumwa juu ya bati. Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa amesikia. Alivuta blanketi kwenye magoti yake, akaniambia nifunge dirisha.